Mwaka mzima na daftari la mkaa na LUKU: nilichokikuta nyumbani kwangu Tabata

#1 Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu.

Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Nimeuandika kidogo kidogo kila nikitoka kazini, kwa sababu naamini familia nyingi hapa mjini ziko pale nilipokuwa mimi: zinataka kupunguza moshi na gharama, zinabadilisha taa, kisha zinaona kazi imekwisha.

Mimi ni mhasibu. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Nyumba ni ya tofali za saruji, bati juu, dari ya jipsamu, AC moja chumbani kwetu na friji la mtumba tulilonunua tulipooana.

Nimekulia Handeni. Miyombo tuliyokuwa tukiokota kuni chini yake nikiwa darasa la tatu, leo ukipita unaona visiki na magunia yamepangwa barabarani yakisubiri lori la Dar. Nilikuwa nikiyatazama magunia yale kwa uchungu, halafu nafika Tabata nanunua gunia hilo hilo. Jambo hili lilinikera moyoni miaka mingi. Mwaka juzi nikaamua kufanya kitu ninachokijua, kuandika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kila gunia la mkaa nililipima kwenye mizani ya duka la jirani. Kila usiku kabla ya kulala nilisoma mita ya LUKU, yaani ile ya umeme wa kulipia kabla. Kujua kila kifaa kinakula kiasi gani, nilizima vyote nikaacha kimoja tu kwa saa kadhaa, nikasoma mita kabla na baada. Hakuna kifaa cha kununua hapo, ni subira tu.

Kwa mwezi, umeme wetu ulikuwa uniti 270 hivi. AC ilichukua kama 140, friji 57, taa 20, na zilizobaki ni feni, pasi, TV na pampu ya maji. Mkaa ulikuwa kilo 60.

Sasa hesabu ya hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto la dunia. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua inajishika na oksijeni ya hewani na kuwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo kilo moja ya mkaa mzuri inatoa karibu kilo 3. Kilo 60 zangu zilikuwa zinatoa kama kilo 175 kila mwezi, pale pale jikoni, mbele ya pua ya mama mkwe. Hapo bado sijahesabu tanuri. Tanuri la kufukia kwa udongo linakula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Maana yake familia yangu peke yake ilikuwa inachoma kati ya kilo 300 na 600 za mti kwa mwezi, na sehemu kubwa ya nguvu ya mti ule iliishia porini bila kuchemsha hata chai. Msitu ukiachwa uchipue upya, kaboni ile hurudi kwenye miti polepole. Lakini kule kwetu shamba linafuata nyuma ya tanuri, miti hairudi.

Umeme je? Umeme wetu unatoka kwenye maji na gesi asilia. Gesi ya Songo Songo inaendesha mitambo ya Dar tangu 2004, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mashine 9 za megawati 235 lilianza kuingiza umeme gridini 2024. Umeme wa maji hauna moshi. Ila mimi nilijibana makusudi, nikachukulia kila uniti imetoka kwenye gesi, nusu kilo ya hewa ukaa kwa uniti. Hata hivyo uniti 270 ni kilo 135. Jiko moja la bati lilikuwa linazidi nyumba nzima pamoja na AC!

Na zile taa nilizokuwa nimeanza kubadilisha kwa fahari? Kilo 10 kwa mwezi. Nilikaa kimya nikitazama karatasi ile.

Basi nikaanza na jikoni.

Jiko la mkaa la bati hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano ya moto wake, nyingine inapotea pembeni. Jiko la gesi hupeleka nusu au zaidi. Presha kuka ya umeme ndiyo inashinda yote, kwa sababu imevikwa kuzuia joto lisipotee, mvuke hautoki, na ikifika joto lake inajizima na kuwaka yenyewe. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku yanakula uniti 0.4 hivi. Kwa bei ninayonunua, Sh 1,000 inatoa uniti 2.8, sufuria ile ni kama Sh 145. Kwenye mkaa maharage hayo hayo yalikuwa yanameza mkaa wa Sh 1,500 na mchana mzima wa mtu kupuliza.

Mgawanyo wetu sasa: maharage, makande, nyama ngumu, kwato na wali vinaingia kwenye presha kuka. Ugali, chapati, mboga za kukaanga na chai ni gesi. Mtungi wa kilo 15 unatuvusha wiki sita. Gesi hii nayo inatoka ardhini na kilo yake moja inatoa kama kilo 3 za hewa ukaa, sawa na mkaa, wala sitaki kuwaficha hilo. Tofauti ni kwamba tunatumia kilo 10 au 11 kwa mwezi badala ya 60, na hakuna mti ulioangushwa wala tanuri.

Baada ya jiko nikaenda kwenye joto. Watu wengi tunapigana na joto kwa AC wakati joto lenyewe tumelikaribisha juani. Niliweka kipimajoto juu ya dari saa nane mchana mwezi wa Januari, kikasoma nyuzi 49. Hiyo ni pasi kubwa iliyolala juu ya vitanda vyetu, na matofali yanakunywa joto lile na kulitoa usiku mtu anapotaka kulala. Tukapaka bati rangi nyeupe ya kurudisha jua, tukafungua matundu ya hewa pande mbili za paa yaliyokuwa yamezibwa, tukaweka wavu wa kuzuia popo. Siku nyingine ya jua kama ile, juu ya dari pakasoma 38. Chumbani saa nne usiku tulishuka kutoka 31 hadi 29 kabla ya kuwasha chochote.

Wazee wa pwani walijua haya. Tazameni nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu: kuta nene za matumbawe, chokaa nyeupe, dari ya boriti iliyo juu sana. Tazameni makuti. Bati limetupa paa lisilovuja na la kudumu, lakini lilikuja na moto wake na hatukulitafutia dawa.

Baada ya hapo AC tukaitoa 18 tukaiweka 26 na feni juu yake. Matumizi yake yalikatika nusu. Friji la mtumba lilikuwa na mpira wa mlango uliochoka: unafunga karatasi mlangoni, ukiivuta inatoka bila kushikwa. Tulibadilisha mpira, ikasaidia kidogo, ila kompresa yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwezi wa tisa tukanunua jipya linalokula uniti 0.9 kwa siku badala ya 1.9.

Leo umeme ni uniti 176, presha kuka ikiwemo. Jumla ya hewa ukaa kwa hesabu yangu imetoka kilo 310 kwa mwezi hadi 120. Pesa: mkaa na umeme vilikuwa Sh 181,000, sasa gesi na umeme ni kama Sh 103,000. Vitu vyote tulivyonunua, rangi na fundi, vilifika Sh milioni 1.2. Mwaka mmoja na miezi michache inarudi.

Karibuni mnisahihishe.

#2 Mchangiaji, Mbeya

Dada hongera kwa daftari. Huku kwetu AC hatuijui, adui yetu ni maji ya kuoga. Asubuhi ya mwezi wa saba maji ya bomba yanauma mifupa. Nina hita ya bafuni ya umeme na LUKU inakimbia kama maji yenyewe. Una ushauri?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, maji hayadanganyi, hesabu yake iko wazi. Ndoo ya lita 20 ukiipandisha nyuzi 20 tu inakula karibu uniti 0.46. Familia ya watu watano kwa ndoo moja kila mtu ni uniti 2.3 kwa siku, karibu 70 kwa mwezi. Na mkioga kwa kusimama chini ya bomba dakika kumi mnatumia zaidi ya ndoo.

Kwa Mbeya, Iringa, Njombe na Arusha mimi ningeanza na hita ya jua ya juu ya paa. Jua la huko ni kali hata kukiwa na baridi, na kupasha maji ni kazi ambayo jua linaifanya vizuri kuliko nyingine zote. Kama pesa bado, weka kichwa cha bomba chenye matundu madogo na ulivike tangi la maji moto ili joto lisitoke.

#4 Mchangiaji

Mimi nina swali la msingi. Afrika nzima tunatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Kuna nchi nyumba moja inatoa kuliko mtaa wetu. Kwa nini sisi ndio tujibane?

#5 Mwanzisha uzi

Ni swali la haki na mimi nililibeba muda mrefu. Walioujaza huu moshi ni wengine, na deni lao ni lao. Simwambii mtu yeyote alale kwenye joto au ale kibaridi ili kuilipia Ulaya.

Lakini angalia nilichokiacha: mkaa. Moshi wa jikoni kabla haujafika angani unapita kwanza kwenye mapafu ya mwanangu wa pili, ambaye ana pumu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Msitu wa Handeni ni wetu, mvua inayopotea ni ya mashamba ya wajomba zangu. Kila nilichokibadilisha kimenirudishia kitu humu ndani ya nyumba. Hata kama kusingekuwa na habari ya tabianchi, jiko lile nisingelirudia.

Na serikali imeliweka mezani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni miaka michache hiyo.

#6 Mchangiaji, fundi wa AC na majokofu

Dada umeandika vizuri ila umeruka kitu kikubwa kuliko vyote, na mimi ni kazi yangu.

Umehesabu umeme wa AC. Hujahesabu gesi iliyo ndani yake. Nenda kwenye mashine ya nje, tafuta kibandiko. Ukikuta R-410A, kilo moja ikitoroka inapasha dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. R-22 ya zamani ni 1,810, na hiyo inatoboa pia tabaka la ozoni. R-32 iliyo kwenye mashine nyingi mpya ni 675. AC ya chumba kama yako ina karibu kilo moja.

Kwa hesabu zako mwenyewe unaokoa kilo 190 kwa mwezi. Fundi mmoja akija kuhamisha AC, akafungua nati na kuiachia gesi ipige filimbi hewani, amekula akiba yako ya karibu mwaka mzima ndani ya dakika mbili. Naona hili kila wiki na linaniuma. Fundi anayejua kazi anairudisha gesi yote kwenye mashine ya nje na kufunga vali zake ndipo afungue mabomba.

La pili, AC haili gesi. Gesi inazunguka tu, haiishi kama mafuta ya gari. Fundi akikuambia "kila mwaka tujaze", ujue kuna tundu, na unalipa kila mwaka kuipeleka gesi angani. Mwambie atafute tundu kwanza, azibe, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze kwa kupima uzito kwenye mizani.

Mkataba wa kupunguza gesi za aina ya R-410A na R-32 ulifikiwa hapa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Watu wa Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wa kwanza kuujua.

Kwenye friji, tafuta iliyoandikwa R-600a. Madhara yake kwa joto la dunia ni madogo mno ukilinganisha na R-134a iliyo kwenye majokofu mengi ya mtumba. Inashika moto, kwa hiyo usimpe fundi wa kubahatisha aikwangue kwa kisu wakati wa kuyeyusha barafu.

#7 Mwanzisha uzi

Kaka asante sana. Nimetoka kusoma kibandiko sasa hivi na tochi ya simu: R-410A, kilo 0.95. Na ndiyo, tumejaza gesi mara mbili katika miaka minne. Kumbe zile nazo ni tani kadhaa ambazo daftari langu halikuziona. Nimeongeza safu mpya na nimeandika kwa wino mwekundu. Naomba uniambie dalili za tundu nizitazame mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

#8 Mchangiaji, fundi wa AC na majokofu

Tazama maungio ya bomba za shaba nje. Ukiona mafuta mafuta yamekusanya vumbi, hapo ndipo. Paka povu la sabuni, mapovu yakivimba umelipata. Mara nyingi ni nati iliyokazwa vibaya siku ya kufunga, kazi ya nusu saa.

#9 Mchangiaji, mpangaji Mbagala

Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule, bati la mwenye nyumba, LUKU tunachangia vyumba vinne. Paka rangi paa la nani? Haya mambo ni ya wenye nyumba zao.

#10 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, nimepanga miaka tisa, nakuelewa kabisa. Anza na unachoweza kuhama nacho: presha kuka, mtungi, taa zako, feni nzuri. Taa ya wati 9 ya LED inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60, na siku ya kuhama unaifungua unaondoka nayo.

LUKU ya kuchangia ndiyo ngumu, kwa sababu anayebana na asiyebana wanalipa sawa. Kuna mita ndogo za kufungwa kila chumba baada ya mita kuu, wapangaji wa jirani yangu walichangishana wakamwomba mwenye nyumba, akakubali kwa kuwa ugomvi wa kila mwezi ulikuwa unamchosha. Kama bado mkaa ni lazima, nunua jiko lenye kikombe cha udongo ndani, pika nje au mlangoni, vunja mkaa vipande vidogo, na ukimaliza ufukie kwenye majivu usiuache uteketee bure.

#11 Mchangiaji, Mombasa

Salaam kutoka pwani ya Kenya. Sisi joto letu ni lile lile. Nimependa hilo la chokaa na kuta nene, nyumba ya nyanya yangu Mji wa Kale ukiingia saa saba mchana wahisi kama umeingia kisimani.

Kwetu stima karibu tisa kwa kumi yatoka kwa mvuke wa ardhini Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hivyo kupikia stima ni safi zaidi ya gesi. Pia friji na AC za dukani zina kibandiko cha nyota, nyota nyingi ndio stima kidogo. Kabla sijaanza kukisoma nilikuwa nachagua kwa rangi. Jiko la kikombe cha udongo twalitumia tangu miaka ya 1980 na lakata mkaa kweli, lakini moshi wa sumu ule usiouona bado uko, dirisha lisifungwe.

#12 Mchangiaji, Leeds

Nimesoma huku nimevaa sweta ndani ya nyumba. Sisi huku Uingereza vita ni kinyume chake, kuzuia joto lisitoke. Nyumba yetu ni ya matofali ya zamani. Tulipohamia, juu ya dari kulikuwa na sufi nyembamba ya kuzuia joto, na unene unaoshauriwa hapa ni milimita 270. Tuliijaza mwishoni mwa wiki moja, mimi na mke wangu, barakoa usoni. Baada ya hapo tukaziba nyufa za milango. Boila ya gesi bado ipo, tunajipanga kwa pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani), ambayo kwa England na Wales serikali inachangia pauni 7,500. Nilivyoelewa, ni jambo lile lile la dada: ziba kwanza, mashine baadaye, maana nyumba inayovuja inadai mashine kubwa.

#13 Mchangiaji

Swali la mwisho dada. Mama mkwe alikubali vipi? Mama yangu anasema maharage ya umeme hayana ladha, na umeme ukikatika tutakula nini.

#14 Mwanzisha uzi

Umeme ukikatika tuna gesi, ndiyo maana sikushauri mtu abaki na njia moja.

Kwa mama, sikumshinda kwa hesabu. Wiki ya kwanza alikataa hata kuigusa, akasema, "Mwanangu, hicho chombo kitatulipukia." Nilimwacha. Jumamosi nikapika mwenyewe, maharage yakaiva dakika 35, kisha nikayahamishia kwenye sufuria na kuyaunga kwa nazi taratibu juu ya gesi. Ladha anayoitaka iko kwenye tui na kwenye muda wa kuunga, moto uwe wowote. Alikula, hakusema kitu. Jumatatu nilirudi kazini nikakuta makande yameiva na yeye amekaa barazani na majirani, saa kumi jioni, muda ambao miaka yote alikuwa jikoni akipuliza. Kikohozi chake cha asubuhi kimepungua.

Jiko la mkaa bado lipo nyuma ya nyumba. Analitoa siku ya Idi kuchomea mishikaki, na gunia la mwisho nililonunua mwezi wa nne halijafika nusu.

Fundi wa AC anakuja Jumamosi kutafuta tundu. Nitaleta majibu hapa hapa.